Mota Iliyotaka Kupumzishwa

Mvua ilimkuta Judith njiani akitoka Isansa, Land Rover imejaa magunia ya maharage hadi karibu na turubai, abiria wamekaa juu ya magunia. Akawasha waipa, na ndipo waipa zilipoanza kumchezea.

Hazikusimama. Zingesimama angejua moja. Zilipanda polepole, zikafika juu, zikatulia kidogo, halafu zikarudi chini zikiyaburuza maji badala ya kuyafuta. Kabla hazijafika chini, kioo kilikuwa kimeshajaa tena.

Anastazia, aliyekaa naye mbele, alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mama Tuntufye, unaona kweli?"

"Naona."

"Unaona nini mwenzangu? Mimi sioni hata boneti."

"Naona pale barabara ilipokuwa jana," Judith akajibu, wote wawili wakaangua kicheko. Lakini mguu wake ulikuwa umeshaacha mafuta. Akalivuta gari pembeni, kwenye majani, akavuta breki ya mkono.

Huko nyuma watu walianza kunung'unika chini ya turubai. Mmoja akapaza sauti kwamba ndiyo hasara ya kupanda gari la mwanamke. Anastazia akageuka, akafungua kidirisha cha nyuma, akamwambia huyo mtu ashuke, Ihanda nyumbani si mbali, miguu anayo. Hakushuka.

Anastazia ndivyo alivyokuwa. Alinunua maharage vijijini na kuyauza Tunduma kwa Wazambia, na Judith alipoanza kubeba abiria, watu walipokuwa wanampungia mkono apite tu, yeye ndiye aliyepakia mzigo wa kwanza. Alipanda mbele, akakunja miguu, akasema, "Haya dereva, tukifa tumekufa wote." Tangu siku hiyo kiti cha mbele kilikuwa chake.

Sasa aliinama kuokota kanga yake iliyodondoka miguuni, mkono ukagusa kitu chini ya dashibodi. Akautoa kama aliyeumwa na nge.

"Yesu wangu! Nini hiki kinachochoma hivi?"

Judith akapeleka mkono wake. Lilikuwa kopo la mota ya waipa, limepata moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akazima swichi. Wakakaa pale, wanasikiliza mvua inavyopiga bati, mpaka ilipopungua.

Gari lenyewe halikuwa lake kwa karatasi. Mumewe, Danford, aliwahi kuwa dereva wa chama cha ushirika, enzi ambazo kahawa yote ya Mbozi ilikuwa inapitia ushirika. Wanunuzi binafsi walipoingia, chama kikakosa kahawa, kikakosa na mishahara, na mwisho wake Danford akapewa Land Rover kuukuu badala ya haki zake. Ilikuwa ile ndefu ya zamani, ya kioo cha mbele kilichogawanywa vipande viwili. Akaiendesha bila kuitunza hadi injini ikagonga. Akasema anakwenda Tunduma kutafuta spea. Akavuka mpaka, akabaki Nakonde, kwa mwanamke aitwaye Nesta mwenye duka la vitenge.

Hakutuma spea, hakutuma salamu. Tuntufye, binti yao, alijifunza shuleni kuandika jina la baba yake, akawa analiandika ukutani kwa mkaa, na Judith akawa analifuta kwa tambara. Land Rover ilikaa juu ya mawe uani, kuku wakataga kwenye kiti cha dereva.

Kilichomfanya Judith aifufue hakukijua mwenyewe. Labda alichoka kuiona. Aliuza kahawa ya misimu kadhaa na nguruwe wake, akamwita fundi, injini ikashushwa, ikafungwa, ikawaka. Kuendesha alikuwa anajua; Danford alimfundisha walipokuwa wachumba, kwenye uwanja wa mpira wa kanisa, ili marafiki zake waone mchumba wake ni wa kisasa. Mama mkwe wake, Enesi, alipomwona ameshika usukani wa gari lililofufuka, alisema mbele ya majirani, "Mwanamke anayefufua mali ya mume asiyekuwepo, ana mpango wake."

Mpango wake ulikuwa karo ya Tuntufye na bati za nyumba.

Kesho yake mbingu ilikuwa imetakata. Judith alilaza gunia chini ya mlango wa Land Rover, akapanga spana na bisibisi juu yake. Anastazia akaja na birika la uji, akakaa kwenye mlango wa gari, miguu nje.

"Tunaanzia wapi, fundi?"

"Kwenye vitu rahisi," Judith alisema. Ndivyo Danford alivyokuwa anasema zamani, na ilimuudhi kwamba sauti aliyoisikia kichwani ilikuwa ya Danford.

Aliwasha injini, akawasha taa. Taa zilikuwa kali. Betri haikuwa na kosa. Akamwambia Anastazia akanyage mafuta, injini ikanguruma, waipa zikaendelea kujikokota vilevile. Akanyanyua mikono ya waipa, raba zikawa hewani, hazigusi kioo. Bado zilikuwa nzito. Basi raba hazikuwa na kosa. Akafuata waya wa ethi kutoka kwenye mota hadi pale ulipofungwa kwenye bodi, akakuta kutu ya kijani imeuvimbisha. Akaufungua, akapiga msasa waya na bati mpaka vikang'aa, akaukaza. Safari hii waipa zilichangamka kidogo.

"Zimepona!" Anastazia akapiga makofi.

"Bado. Subiri zipate moto."

Wakasubiri wakinywa uji, waipa zinapanda na kushuka kwenye kioo walichokuwa wanakimwagia maji kwa kopo. Muda si mrefu zikaanza tena kusinzia.

Judith akazima. Kwenye Land Rover ya namna ile, mota inasukuma kebo yenye meno ndani ya bomba linalopita chini ya kioo, na kebo ndiyo inayozungusha vigurudumu viwili vya waipa. Akaitenganisha kebo na mota, akaiwasha mota peke yake. Ikazunguka kwa kasi, ikiimba.

"Kumbe mota nzima!"

"Inazunguka bila mzigo. Hata mimi bila gunia kichwani nakimbia." Akaizima, akaivuta kebo kutoka ndani ya bomba. Ilitoka kwa shida, imeganda grisi iliyokauka ikawa kama sabuni ya mche. Grisi ya enzi za ushirika, pengine. Akamaliza saa nzima akiisugua kebo kwa mafuta ya taa, akapitisha tambara lililofungwa kwenye waya ndani ya bomba mara nyingi, hadi likatoka safi. Akapaka grisi mpya. Vile vigurudumu vya waipa akavitia oili tone kwa tone, akavizungusha kwa mkono hadi vikalegea.

Baada ya kufunga kila kitu, waipa zilikimbia kama mpya. Lakini kopo la mota lilizidi kupata joto, na baada ya muda ukaja ule usingizi wake, japo si kama mwanzo. Ndipo Judith akalifungua lile kopo, maana hapakuwa na pengine pa kutafuta. Ndani akakuta vumbi jeusi la kaboni, na brashi zenyewe, vile vijiti vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, zimelika hadi karibu na shaba.

Anastazia akazitazama kiganjani mwa Judith. "Kitu kidogo hivi?"

"Kidogo hivi."

Walikwenda wote Tunduma. Venance, fundi umeme wa magari jirani na maegesho ya malori, alitafuta kwenye makopo yake yote, akatikisa kichwa. Brashi za mota ile hazikuwepo. Akachukua za dinamo ya gari jingine, akazikata na kuzipiga tupa zikaingia, lakini hakuficha kitu.

"Hizi laini, mama. Hazikutengenezewa kazi hii. Mvua ndogo utakwenda nayo vizuri. Mvua kubwa, usiiendeshe muda mrefu. Ikianza kupata moto simama, ipumzishe, ipoe, ndiyo uendelee. Nimeagiza mota nzima kwa watu wa skrepa upande wa Zambia. Ikija nakuita."

Basi Judith akazifunga mwenyewe uani kwake, akawa anaendesha hivyo. Mvua ikiwa kubwa, Anastazia anaweka kiganja juu ya kopo la mota, anasema "bado", anasema "bado", halafu anasema "tayari", na Judith anasogea pembeni. Abiria walinung'unika, kisha wakazoea. Wengine walishuka kuchimba dawa. Masika yakakolea, wakaendelea salama namna hiyo, wakingoja mota ya Venance.

Danford alirudi siku ya gulio. Alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na blanketi la Zambia begani na sukari kwenye mfuko, kama mtu aliyekwenda jana. Duka la Nesta lilikuwa limefungwa, na Nesta mwenyewe alikuwa amempata mwanamume mwingine mwenye basi dogo. Hayo Judith aliyasikia baadaye. Siku ile Danford alizunguka Land Rover mara moja, akagonga boneti kwa kiganja.

"Mama Tuntufye, umelitunza gari langu vizuri."

Judith alikuwa anachambua maharage. Hakuinuka. "Hata shikamoo ya mwanao hujaipokea, unaulizia gari?"

"Mwanangu atanizoea."

Kikao kiliitwa nyumbani kwa Enesi. Sadoki, kaka yake Danford, ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomwuma Judith, maana hakumpa hata nafasi ya kugombana. Mume amerudi. Mume akirudi anarudi na nafasi yake. Kadi ya gari ina jina lake. Shemeji amefanya kazi nzuri, ukoo unamshukuru, sasa apumzike, alee mtoto, dereva yupo.

"Na kahawa yangu niliyouza? Na nguruwe wangu?" Judith aliuliza.

"Ulikuwa unaishi kwenye nyumba ya nani muda wote huo?" Enesi akamjibu.

Judith aliwatazama mmoja mmoja. Ndugu zake mwenyewe walikuwa Isansa, na hawakuitwa. Danford alikuwa anatazama kucha zake. Judith akatoa ufunguo kwenye fundo la kanga, akauweka juu ya meza, katikati ya vikombe vya chai, akatoka.

Asubuhi iliyofuata Danford alipakia safari ya Isansa. Mawingu yalikuwa yameshajipanga upande wa milima. Anastazia alikuja mbio na magunia yake matupu chini ya kwapa, akasimama mbele ya Judith kama mtoto aliyevunja chungu.

"Nisamehe, mwenzangu. Maharage yangu yapo nje kule Isansa, na mteja yupo Tunduma leo, ananisubiri. Gari jingine hakuna."

"Nenda, Anastazia. Maharage hayajui ugomvi wa watu."

Anastazia akapanda kwenye kiti chake. Danford akawasha injini. Ndipo Judith akaenda hadi dirishani kwa dereva, akashika mlango.

"Baba Tuntufye, sikiliza. Mota ya waipa si nzima. Brashi zake ni za kuunga. Mvua ikiwa kubwa usiende nayo moja kwa moja. Ikipata moto inalegea. Simama uipumzishe."

Danford alicheka, akamgeukia Anastazia kutafuta wa kucheka naye. "Umesikia? Niliyemfundisha kukanyaga klachi ananifundisha gari."

"Anasema kweli, shemeji," Anastazia akasema. "Mimi huwa naishika kwa mkono."

"Basi ishike." Akaingiza gia.

Judith angeweza kusema mara ya pili. Angeweza kushikilia mlango. Aliuachia, akarudi nyuma ili matope yasimrukie, na moyoni, pale ambapo mtu hasemi hata kwa Mungu, akatamani mota imfie Danford katikati ya njia, mbele ya abiria wote, aone aibu, arudi kumwuliza inafunguliwaje.

Mvua ilishuka mchana. Jioni ilipokaribia, mtu wa baiskeli alikuja amelowa chapachapa, akasimama uani bila kusalimu.

"Land Rover imetumbukia darajani."

Ilikuwa kwenye mteremko wa mwisho kabla ya daraja la magogo. Abiria wa nyuma walikuja kueleza: waipa zilianza kulegea mapema, Anastazia alikuwa anapiga kelele "shemeji simama, inachoma, simama," na Danford anajibu, "Mteja wako anakungoja wewe, si mimi." Kwenye mteremko waipa zikaganda katikati ya kioo. Danford akatoa kichwa dirishani, akaendelea kushuka hivyohivyo kwenye udongo unaoteleza. Gari likakosa magogo. Likalalia upande wa abiria, ndani ya maji.

Ndivyo walivyosema siku ile, wakiwa bado wanatetemeka. Baadaye walipoitwa kusema tena, wengi walikuwa wamesahau. Walikuwa nyuma, walisema, chini ya turubai, mvua inapiga, mtu ungesikia nini?

Judith alifika wakati vijana wameshamtoa Anastazia. Walikuwa wamemlaza ukingoni, wamemfunika kwa moja ya magunia yake. Danford alikuwa ameegemezwa kwenye mti, mguu umepinda vibaya, analia kwa sauti. Judith alipita mbele yake bila kumwona. Alipiga magoti pale kwenye gunia, akaushika mkono uliokuwa nje. Kiganja kilikuwa na lengelenge jekundu la moto, kubwa.

Gari lilivutwa nje, na askari wa usalama barabarani wakalikagua. Mkubwa wao alichukua betri ya gari lao, akaiunganisha kwenye mota, akajaribu swichi. Waipa zikapanda na kushuka vizuri kabisa. Mota ilikuwa imepumzika.

"Mbona zinafanya kazi?" akauliza.

Judith akamweleza. Akamweleza joto, brashi, kupumzisha. Yule askari alikuwa mtu makini. Akachukua bisibisi, akafungua kopo, akazitoa brashi, akazitazama kwenye mwanga.

"Hizi si za mota hii."

"Si zake. Zilipigwa tupa."

"Nani alizifunga?"

"Fundi alizikata. Nilizifunga mimi."

"Wewe ni fundi?"

"Hapana."

"Dereva alijua?"

"Nilimwambia. Nilisimama dirishani nikamwambia."

"Nani alisikia?"

Aliyesikia alikuwa chumba cha maiti.

Wakaenda naye hospitali. Danford alikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta hadi kwenye paja, Enesi amekaa upande mmoja na Sadoki upande mwingine. Askari akauliza swali moja tu: je, kabla ya safari, mkeo alikuambia kwamba waipa zina kasoro?

Danford alimtazama mama yake. Kisha akaitazama plasta.

"Hakuniambia kitu," alisema. "Nilirudi nikakuta gari limefunguliwafunguliwa. Ningejua, ningeondokaje na watu?"

"Danford," Judith akasema. Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Tuntufye azaliwe. "Danford, nitazame."

Hakumtazama. Enesi akaanza kulia, akisema mwanawe alirudi nyumbani kupatana na mkewe, kumbe ameandaliwa jeneza. Sadoki akamshika Judith kiwiko, kwa upole uleule, akamtoa nje.

Judith alilala mahabusu kituoni, akahojiwa, akaachiwa. Fundi Venance alikuja kwa hiari yake kueleza alichomwambia, lakini Venance alichojua ni kile alichomwambia Judith, si kile Judith alichomwambia mumewe. Mwisho askari waliandika kwamba gari lilikuwa bovu, na mteremko ulikuwa na utelezi. Ilikuwa kweli. Hakuna aliyefungwa. Lakini Ihanda haikuhitaji askari ili kuamua. Mke aliyenyang'anywa gari alilitega. Tena aliingiza mikono yake mwenyewe kwenye mota, mchana, uani kwake, watu wanamwona.

Kwenye msiba wa Anastazia alikwenda akiwa amebeba unga na kuni kama wenzake. Wanawake waliokuwa jikoni wakanyamaza. Mmoja akaupokea unga, akauweka mbali na mwingine. Hakuna aliyemwambia aondoke. Alikaa mwenyewe kwenye kona ya turubai hadi jeneza likatoka, na walipofika makaburini akabaki nyuma ya watu, anaona migongo tu.

Danford alipotoka hospitali alipelekwa kwa mama yake. Siku moja akamtuma mtoto wa jirani amwite Judith. Alimkuta peke yake barazani, magongo yameegemezwa ukutani, ndevu zimeota. Enesi alikuwa shambani.

"Kaa, mama Tuntufye."

"Sema."

"Nilikusikia," Danford alisema. "Ile siku. Nilisikia kila neno. Na yeye aliniambia njia nzima."

Judith akakaa. Hakujua kama alichohisi ni nafuu au ni hasira. "Basi waambie. Mwambie Manase. Anastazia wake amekufa, naye hajui kwa nini."

"Nitafungwa."

"Utafungwa."

"Na mguu huu? Nitakufia gerezani. Nimekuita ili ujue mimi moyoni sina neno na wewe. Mungu anajua ukweli. Tuyaache yapite, tuendelee na maisha yetu. Nirudi nyumbani, unitunze, mimi ni mumeo."

Judith alimtazama yule mtu. Alikuwa ameomba msamaha kwa njia ambayo haikumgharimu hata sauti ya juu. Akatambua kwamba anamaanisha kila neno, kwamba kweli anaona amemfanyia wema kumwambia, na hilo lilimchosha kuliko uongo wa hospitali.

"Mungu hakuwa amelazwa kitanda cha pili pale hospitali ili aulizwe," alisema. Akainuka.

Alikwenda moja kwa moja kwa Manase. Alimkuta makaburini, anang'oa magugu yaliyoanza kuota juu ya udongo wa mkewe. Manase alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nzito ambayo Anastazia alikuwa anaitania kwamba inaamsha ng'ombe. Judith akamweleza yote, amesimama, bila kulia: dirishani alisema nini, Anastazia alijibu nini, na Danford amekiri nini leo barazani.

Manase aliendelea kung'oa magugu mpaka Judith alipomaliza. Akajipangusa mikono.

"Nakuamini," alisema.

Judith akashusha pumzi.

"Danford namjua tangu ushirika. Nakuamini umemwambia." Akamtazama. "Lakini ulikuwa unajua mota mbovu, na unajua Danford ni mtu wa namna gani. Na ulimwona mke wangu anapanda. Kwa nini ulitoa ufunguo?"

Majibu alikuwa nayo. Kikao, kadi ya gari, Sadoki na upole wake, Enesi na nyumba yake. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo angeweza kulitamka juu ya kaburi lile. Lile jingine, la kutamani Danford apate aibu, alilimeza.

"Usije tena hapa, mama Tuntufye," Manase alisema, bila ukali. "Si kwamba nakuchukia. Nikikuona namwona amekaa pembeni yako."

Mwezi uliofuata Judith alimchukua Tuntufye, akakodi chumba Chapwa, Tunduma. Alfajiri anakaanga maandazi na kuyapeleka kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Madereva wa Kizambia wanamsalimu "mulishani, bamayo", yaani habari, mama, kwa Kibemba, anawajibu, anawahesabia chenji. Venance alimwita siku moja kumwambia ile mota ya skrepa imefika, nzima kabisa, akaona uso wake, akairudisha chini ya meza.

Danford yupo Ihanda, anachechemea. Anasimulia ajali ile kwenye vilabu vya pombe kwa yeyote anayemnunulia kikombe, na kila anaposimulia, brashi alizofunga mkewe zinazidi kuwa fupi.

Kanisa lilipofanya ibada ya kumkumbuka Anastazia, Judith hakualikwa. Alipanda basi hadi Ihanda, akashuka kabla ya kanisa, akasimama ng'ambo ya barabara kuu, malori yanapita katikati. Madirisha yalikuwa wazi. Alisikiliza kwaya hadi sauti nzito ya Manase ilipoingia, ikakatika katikati ya ubeti, na wengine wakaendelea bila yeye. Halafu akanyoosha mkono kusimamisha basi la kurudi Tunduma.